Jina Lililomlinda

"Una hakika, mama?" karani wa mahakama aliuliza, muhuri mkononi.

"Gonga," alisema Jalala. Miaka arobaini na mitatu ya kuchekwa ilimtosha. Kuanzia leo angeitwa Arafa.

Kwenye benchi nyuma yake mama yake mzazi, Bi Mwanahija, aliguna. Alikuwa amezika watoto watatu. Huyu wa nne alipozaliwa alimlaza jalalani, akamwita hivyo hivyo, ili mauti yamwone takataka yampite.

"Mwanangu, jina hilo ndilo lililokuweka."

"Limeniweka, mama, nashukuru. Sasa basi."

Akatia saini kwenye hati. Muhuri ukagonga.

Bi Mwanahija akajikongoja hadi mezani, akafungua fundo la kanga, akatoa kitambulisho chake na kukiweka juu ya ile hati.

"Hilo la zamani mnalipeleka wapi?"

"Halipelekwi popote, bibi. Limefutwa."

"Msilifute. Niandikieni mimi. Mauti yakigundua tuliyadanganya, yatarudi kumuulizia Jalala. Yanikute mimi."

Karani alimtazama Arafa. Arafa, wino wa jina lake haujakauka bado, alikuwa anakitazama kile kitambulisho.