Mkono wa Kushoto

Tangu wamzike Siwema, rafiki yake aliyekuwa akipokea kijiti kutoka kwake katika mbio za kupokezana, Mwatumu hakushiriki tena kipindi cha michezo. Wenzake wakikimbia, yeye alikaa ukutani, viatu miguuni. Leo Mwalimu Hidaya alimfuata.

“Matanga huanuliwa, mwanangu. Kimbia kipande chako tu. Mbele atakupokea Rukia.”

Mwatumu akavua viatu. Alipokabidhiwa kijiti, miguu ikakumbuka yenyewe. Vumbi likatimka, kifua kikafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule akajisikia mwepesi. Mbele akamwona msichana amempa mgongo, anasubiri.

“Shika!”

Kijiti kikaanguka. Rukia alikuwa ametoa mkono wa kulia. Mwatumu alikuwa amekipeleka kushoto, kama siku zote, kwa kuwa Siwema alikuwa mashoto.

Wasichana wa timu nyingine wakawapita. Hakuna aliyecheka. Mwatumu alisimama akitweta, machozi yakimchuruzika pamoja na jasho.

Rukia akainama, akakiokota kijiti, akamrudishia. Kisha akageuka, akampa mgongo tena, akanyoosha mkono wa kushoto nyuma, akasubiri.