Skrubu ya Pembeni

"Bado tu, shemeji?" aliniuliza kaka wa mume wangu. Wanaume walikuwa wameshaliweka jeneza la mwanangu Abdulhamidi ndani ya boti. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na makaburi ya ukoo yako ng'ambo ya Ziwa Kitangiri.

Boti hiyo tuliinunua serikali ilipouza vyombo vya mradi wa uvuvi. Injini iliwaka vizuri, lakini haikunyanyuka kutoka majini. Ng'ambo maji hayazidi magoti. Injini ikibaki chini, tungekwama kwenye tope naye.

Nilifungua pampu ya kuinyanyulia. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia, pampu imekufa.

Pembeni yake kuna skrubu; ikilegezwa, injini husogezwa kwa mkono bila pampu. Niliilegeza, nikaipandisha injini kwa mikono, nikaikaza. Injini ikakaa juu.

"Alhamdulillahi," alisema shemeji. "Nionyeshe, tukifika nitafanya mimi. Wewe rudi nyumbani kwa wanawake wenzako. Mwanamke hasindikizi maiti makaburini, unajua."

"Najua."

Oili ilikuwa inateleza vidoleni mwangu. Nina stashahada ya ufundi, na skrubu ile ningemfundisha kwa dakika moja.

"Haifundishiki leo," nilimwambia. "Ukiikosea, injini itaanguka, boti ipinduke na mtoto."

Alinitazama, kisha akalitazama jeneza. Akanipisha.

Nilifunga kanga kiunoni, nikapanda, nikaketi nyuma upande wa kichwa cha mwanangu. Niliishusha injini majini, nikaiwasha.