Geti Linalofungukia Nje

Geti lilisogea upana wa kidole, likagota kwenye lami mpya, likakwama.

Dada alikuwa nyuma yangu, ameshika kiuno, uchungu wa kuzaa umemkaza. Nikasukuma tena kwa bega. Chuma kikalia, lami haikujali.

Asubuhi nzima tulikuwa juu ya ukuta tukiwapigia makofi mafundi wa halmashauri. Hakuna aliyekumbuka kwamba geti letu hufungukia nje, na barabara ilikuwa inanenepa mbele yake. Kumbe tulikuwa tunawashangilia wanaotufungia ndani.

"Kaka, chimbueni kidogo hapa," nikamwambia msimamizi wao kupitia nondo.

"Nichimbue barabara inayozinduliwa leo hii? Rukeni ukuta."

"Njoo uruke wewe na hili tumbo," dada akamjibu, kisha akauma ukosi wa gauni lake.

Baba akatoka ndani na suti ya uzinduzi. Barabara hii ameipigania miaka na miaka. Hata ilipokuwa kifusi, ukiidondoshea ganda la muwa ulikuwa umejitafutia kesi. Akaitazama lami ile, nyeusi, laini kama ngozi iliyopakwa mafuta, bado inafuka moshi.

"Baba," dada akasema kwa shida, "mjukuu wako hajui mambo ya uzinduzi."

Baba akavua koti, akanipa nishike. Akaokota sururu pembeni ya ukuta, akairushia upande wa pili.

"Mzee, usinifanyie hivyo," msimamizi akasema.

Baba alikuwa tayari ameshaweka kiatu kwenye nondo, anapanda.