Askari Arobaini wa Wakili Zedekiah

"Njuguna wa River Road ndiye amekutuma?" aliuliza Kalekye, mwenye duka la dawa pale Ngara.

Wakili Zedekiah alikiri.

"Basi lete hiyo ya kulia. Nifunge kidole gani?"

"Vyote. Mpaka kwa kiwiko."

Mkono wenyewe haukuwa na hata mkwaruzo. Kalekye aliufunga vizuri, akapiga fundo, wala hakuuliza swali lingine.

Haya yote yaliletwa na sanamu ndogo za plastiki. Miaka mitatu nyuma Zedekiah alijinunulia kisanduku cha askari wa kale wa Ulaya, wale waliovaa vyuma kutoka utosini hadi unyayoni, kila mmoja akiwa na urefu wa kidole gumba. Huuzwa bila rangi. Wewe mwenyewe ndiwe unayepaka deraya, ngao, farasi, na mwisho macho, na hapo kwenye macho ndipo kazi ilipo.

Askari wake wa kwanza alitoka na uso wa mtu aliyeumwa na nyuki. Akampeleka kwa Njuguna, fundi wa kuandika mabango ya maduka, ambaye kazi ilimpungukia tangu mashine za kuchapisha zijae River Road. Njuguna alichukua brashi ya nywele tatu, akashusha pumzi, akampa yule askari macho yaliyokutazama kweli. Zedekiah alikusudia iwe mara moja tu.

Sasa askari arobaini walisimama kwenye kabati la kioo sebuleni kwake Spring Valley, na Ngina, mkewe, hakupitisha mgeni bila kumsimamisha hapo.

"Baba Stacy hupaka hizi ofisini saa ya lunch," aliwaambia akina mama wa kanisa. "Hata chakula anasahau."

Zedekiah alikuwa ameshindwa kesi nyingi na bado akalala fofofo. Lakini vile Ngina alivyomtazama mbele ya kabati lile, baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa, ndicho kitu alichoogopa kukipoteza. Aliuonea aibu uongo wake, sikatai. Ila aibu hiyo ilipungua kila askari mpya alipoingia kabatini.

Katika chama chao cha wapaka sanamu nako mambo yalikuwa shwari. Walikuwa watu tisa, wakikutana kila mwezi katika ukumbi mdogo Westlands, kila mtu na askari wake mezani. Kulikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyeiandika: humuulizi mwenzako alipakaje. Unamsifu, unakula samosa, unaenda zako.

Kisha akajiunga Kajal, daktari wa meno, ambaye hakuijua adabu hiyo.

"Si tupake pamoja Jumamosi ijayo?" akasema. "Hapa hapa, kila mtu na brashi yake. Na tulete familia waone."

Mwenyekiti, mzee Gurjit, akasema ni wazo zuri sana. Watu wakapiga makofi, na Zedekiah akapiga kuliko wote, maana aliyesita angejulikana.

Jumatatu alikuwa River Road, amepanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Njuguna, akihema.

"Hiyo ni ngumu, wakili," alisema Njuguna, bila kuinua macho kutoka kwenye ngao aliyokuwa akiipaka. "Mimi siwezi kaa ndani ya shati yako nikushikie brashi."

"Sasa nitafanya nini?"

"Mkono ikiumia, nani atakulazimisha? Enda Ngara kwa Kalekye, mwambie ni mimi nimekutuma. Mlango ya gari imekufinya, basi."

Njuguna akasogeza katoni zilizofunikwa magazeti ili mgeni apate pa kukaa. Zedekiah hakuuliza mna nini ndani. Fundi ana wateja wake, na yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa.

Ngina aliamini kila neno, na hilo lilimuuma Zedekiah kuliko mlango wowote wa gari. Alimkatia nyama. Alimfunga vifungo vya shati. Aliuombea ule mkono kwa sauti, kwa jina la kila kidole. Zedekiah alipopendekeza kwamba heri wabaki nyumbani Jumamosi, Ngina alikataa katakata.

"Tutaenda, Baba Stacy. Utakaa hapo mbele wakuone. Wajue ungekuwa mzima wangekiona cha mtema kuni."

Jumamosi Ngina ndiye aliyeendesha gari. Njiani Zedekiah alianza kujihisi mwepesi. Ni saa mbili tu za kukaa na kupokea pole, halafu maisha yangerudi palepale. Alikuwa hata ameshaamua askari wa arobaini na moja apande farasi mweupe.

Walichelewa kidogo. Ngina akausukuma mlango wa ukumbi.

Meza zilikuwa zimetandikwa magazeti, na askari kumi wasio na rangi walikuwa wakisubiri. Kajal alisimama katikati na brashi mkononi, peke yake. Wanachama wengine wote walikuwa wameketi kando ya ukuta na familia zao, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Nurjahan alikuwa na bendeji mpaka kwenye kiwiko. Mzee Gurjit, mpaka kwenye kiwiko. Mungai, ambaye hutumia kushoto, alikuwa amefungwa wa kushoto. Wote wanane walikuwa na bendeji nyeupe ya aina moja, na fundo la aina moja.

"Pole sana, wakili," alisema Gurjit, bila kumwangalia.

Ngina aliwapitia mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Kisha akamgeukia mumewe, akaushika ule mkono, akalitafuta fundo, akaanza kuifungua bendeji, taratibu, huku ukumbi mzima ukitazama.