Mkono wa Baba Mghoi

Mumeo akisema anataka kushonewa uzi wa boling, mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, mwambie akamwone Wakesho kwanza.

Siku hizi hafundishwi mchezaji, unafundishwa mkono wake. Mwakio, mume wa Wakesho, alishonewa uzi chini ya ngozi toka begani hadi vidoleni, maana kila Jumamosi wenzake walimcheka. Tufe lake lilikuwa likiangusha pini zote isipokuwa moja pembeni, imesimama inamtazama.

Sasa haibaki. Mkono unaiona kabla yake, unaipiga wenyewe.

"Wote wameufyata!" alijisifu wakinywa chai.

Wakesho hakucheka. Jana chupa ya chai iliachwa peke yake mezani, na mkono ule ukairushia chungwa, ukaivunja. Mwakio aliomba radhi huku vidole vyake vikipapasa chungwa jingine.

"Kautoe huo uzi, Baba Mghoi."

"Ukishashika nyama hautoki, mama. Utatulia tu. Kwani unagusa nini? Kitu kilichosimama peke yake, basi."

Papo hapo mtoto wao Mghoi aliachia kiti, akasimama dede katikati ya sebule, mara yake ya kwanza.

"Mwanangu huyo!" Mwakio alishangilia. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika kikombe, unarudi nyuma taratibu.

Wakesho aliruka, akamkumbatia mtoto.

Tangu hapo, akina mama wenzake wakiwahimiza watoto wasimame dede, yeye humkandamiza wake mabega polepole.

"Kaa, mwanangu. Kaa chini. Baba yuko nyumbani."