Gurudumu Zito

Fundi alirushia maji rimu ya nyuma, upande wa kushoto. Yalichemka papo hapo, mvuke ukamrudi usoni. Akazunguka upande wa kulia, akaishika rimu kwa kiganja kizima. Baridi.

"Breki moja imeng'ang'ania," alisema. "Mnakanyaga mafuta huku mmejifunga wenyewe."

"Ni mimi," mke alisema haraka. "Nimeivuta mno hendibreki."

Njia nzima alikuwa kwenye kiti cha abiria. Lakini kila waliposimama, hata palipokuwa tambarare, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye hendibreki na kuivuta mpaka mishipa ikamtoka.

"Msamehe, fundi," mume alisema kwa upole, akimgusa mkewe bega. "Ana sababu zake."

Sababu hizo mtaa mzima ulizijua. Mwaka juzi aliegesha gari hili kwenye mteremko wa nyumbani, akaingia ndani na mizigo. Gari likaserereka kinyumenyume hadi getini, binti yao alipokuwa amechuchumaa akichora kwa chaki. Mke aliapa kwamba hendibreki aliivuta. Kesho yake polisi wakaijaribu mbele ya ukoo mzima uliokusanyika msibani, ikashika barabara. Basi hakuivuta. Maneno yakaishia hapo.

Mawifi wakampa jina, Bibi Hendibreki, wala hawakulitaja kwa kunong'ona. Mama mkwe alitaka arudishwe kwao. Ni mume aliyesimama katikati. "Mimi baba wa mtoto nimesamehe," alisema. "Nyinyi ni nani?" Watu wakamsifu: ana kifua yule.

Naye mke alilipa wema kwa alichokuwa nacho. Hakubisha, hakununa, hakuomba kitu. Kulikuwa na kumbukumbu moja iliyomsumbua, ya mkono wake mwenyewe ukivuta chuma siku ile, na kile chuma kikija juu kilaini mno. Alihangaika nayo miezi mingi. Mwishowe akaamua ni uongo aliojitungia apate usingizi, akaacha kuitaja.

Fundi alipiga jeki. Alizungusha gurudumu, likasogea kidogo, likagoma. Akalegeza nati ya kutolea mafuta ya breki, yakachuruzika. Gurudumu bado zito.

"Basi si mafuta. Ni waya wa hendibreki." Akajipangusa jasho. "Shemeji, nisaidie maji ya kunywa, koo limekauka."

Mke alifurahi kupata la kufanya. Bomba lilikuwa nyuma ya gereji, na maji yalitoka kwa kudondoka. Aliporudi na kikombe, wanaume wawili walikuwa wamechutama, migongo kwake, vichwa karibu na breki iliyokwisha kufunuliwa. Harufu ya kuungua ilikuwa kali.

"Hapa pana mchezo ulichezwa," fundi alikuwa akisema. "Breki hii haikuanza leo kupata moto. Zamani mtu aliona njia ya mkato ni kuuchomoa waya. Ona kutu ya ncha hii, imening'inia nje muda mrefu. Ukichomoa mmoja, wa pili nao unalegea. Gari linakwenda vizuri tu, ila hendibreki inakuwa pambo. Unavuta mpaka mwisho, haishiki kitu."



Mke alisimama pale pale. Maji yalimwagikia vidoleni, hakuyahisi.

"Halafu ukarudishwa." Fundi alicheka, akachokonoa kwa bisibisi. "Lakini kazi gani hii, bosi! Pini imeingizwa kinyume, springi imepindwa. Ilishika, sikatai, ila kila ikivutwa kwa nguvu ilizidi kujinyonga, leo ndiyo imegoma kuachia. Aliyefunga hapa alikuwa mlevi au kipofu."

Mume alikuwa mtu wa kuvumilia mengi, isipokuwa kudharauliwa mikono yake. Tangu ujana hakuna aliyeligusa gari lake ila yeye, mpaka leo lilipowafia barabarani. Shingo ikamsimama.

"Kulikuwa na giza," alisema. "Na polisi walisema watakuja asubuhi."