Shujaa wa Angani
"Tuchka! Tuchka, mjinga we, rudi!"

Zinaida alibaki na kamba mkononi. Mbwa shujaa wa taifa, aliyeizunguka dunia ndani ya chombo cha angani akarudi mzima, alishapenya katikati ya miguu ya wageni, akaipita treni mpya ya maonyesho, akatokomea nje ya banda la Wasovieti katika Maonyesho ya Dunia. Na huko nje ulikuwa mji mzima wa Montreal, Kanada.

"Nimekwisha," alisema Zinaida.

Kweli alikuwa amekwisha. Aliyemtangulia katika kazi ya kumtunza Tuchka alirudishwa Moscow kwa kumvisha Tuchka nishani kichwa chini. Sasa huyu aliyempoteza mbwa mwenyewe si wangempeleka Siberia akalinde theluji?

Na kiburi alichokuwa nacho mbwa yule! Ukimwambia kaa, anakutazama. Ukimwambia njoo, anapiga miayo.

"Mashujaa ndivyo walivyo," mkuu wa banda, Ndugu Rodion Savelich, alizoea kumwambia. "Wewe shika kamba tu. Na usimsogeze langoni."

Zinaida alitoka mbio hadi kwenye vibanda vya soseji. Hapo akamkuta mbwa wa rangi ileile, anaramba karatasi. Sikio moja lilizidi kidogo, lakini nani atalipima? Akamfunika kwa koti, akaenda kumwogesha chooni, kisha akafungua droo ya nishani. Zilikuwemo tele za akiba. Akamvisha moja, nyota juu.

Punde Ndugu Rodion Savelich akapita. Alimtazama mbwa weee, Zinaida roho mkononi.

"Leo kapendeza," alisema, akaendelea na hamsini zake.

Zinaida alitaka kumbusu.

Mchana akaingia mama mmoja wa mjini pale, mnene, kafura kwa hasira. Kampakata Tuchka, na nishani yake ya nyota nyekundu ingali shingoni.

"Nyie Warusi, nani kamtundika Bijou wangu vyuma hivi?" alifoka kwa Kifaransa. "Kapotea tangu Mei! Nimemtafuta mtaa kwa mtaa, leo kaja mwenyewe kukwaruza mlango!" Akamweka chini. "Bijou, hebu kaa!"

Tuchka akakaa.

Zinaida akageuka polepole kumtazama mkuu wake. Ndugu Rodion Savelich, aliyevutwa na kelele zile, alishachuchumaa, anamkagua yule mbwa mpya, jasho linamtoka.

"Zinaida Pavlovna," alinong'ona, "huyu wako angalau uliulizia kama ana mwenyewe?"